Hotuba ya Kuufanya Haddlecombe Mji wa Filamu

Mheshimiwa Kasisi, mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya maua pamoja na makamu wake wawili ambao najua hawasemezani, mheshimiwa mshindi wa boga kubwa la mwaka jana, waheshimiwa wenye nyumba za kihistoria, wapangaji wa nyumba za kihistoria, na nyinyi wa zile nyumba mpya nyuma ya kituo cha mafuta, ambao pia mmealikwa, mabibi na mabwana: mimi, Rupert Clutterbuck, Mwenyekiti wa Halmashauri ya mji huu kwa muhula wa nne mfululizo bila kupingwa (sauti kutoka nyuma: "Nani angeutaka?"), nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifu.

Kwa miaka kumi na miwili tumewatazama jirani zetu wa Marsh Orton wakijitapa kwamba nyumba zao zimeonekana kwenye filamu mbili za mambo ya kale, watalii wakimiminika kupiga picha kwenye ngazi ambayo mwigizaji fulani alijikwaa, na keki zao, ambazo ni kavu, zikinunuliwa kama njugu. (Kelele: "Aibu!") Ndipo ofisi yangu, kwa kuwashirikisha wadau wote, yaani mimi na mke wangu, ikabuni Mkakati Jumuishi wa Kuurejesha Mji Katika Karne Yake. Tuliyaandikia makampuni ya filamu barua arobaini na moja. Tukang'oa antena, tukaficha mapipa ya taka, tukamwaga matope halisi barabarani. Na ile nguzo ya kituo cha basi pale mbele ya duka la mikate, iliyokuwa ikichafua mandhari ya mwaka 1810, tukaihifadhi kwa heshima zote katika banda la kanisa.

(Bi Maud Thackray, safu ya mbele: "Na basi langu, Rupert?")

Swali zuri sana, Mwalimu. Kwa wasiofahamu, Bi Maud ndiye aliyenifundisha kusoma, na kila Jumanne na Ijumaa hupanda basi namba kumi na nne kwenda kumwona mumewe, Mzee Cyril, katika nyumba ya wazee kule Marsh Orton. Ni kweli kwamba tangu nguzo iondoke, dereva anapita bila kusimama. ("Wiki ya tatu hii! Cyril anadhani nimemtupa!") Changamoto hiyo tumeipokea na iko kwenye mchakato. (Mtu anakohoa.)

Lakini matunda, ndugu zangu! Jumatano iliyopita alikuja Yule Bwana. Mnamjua: koti la mvua, ubao wa kuandikia, futi ya kupimia. Alipima barabara, akapiga picha, kisha akasimama mbele ya duka la mikate kwa saa mbili nzima kwenye manyunyu akitazama saa yake. Huo ndio uvumilivu wa msanii anayesubiri mwanga! Je, tulimuuliza yeye ni nani na ametumwa na nani? ("Hapana!") Hapana! Sisi ni watu wenye adabu. Tulimpa chai vikombe vitano, tukaongea naye habari za mvua, na asilimia mia moja ya wananchi hawakumuuliza hata jina. Badala yake tulimwonyesha kazi. Kasisi alipita mara sita na mkokoteni wa farasi, kamati ya maua ikapunga leso madirishani, na mimi mwenyewe, nikiwa ndani ya suruali hii ya babu wa babu yangu niliyoivaa tena leo, nilimwambia kwa sauti nzito: "Bwana, hapa hatujui magari. Hapa tunakwenda kwa farasi." Akaandika! Kila neno akaliandika! (Makofi. Kasisi anainuka na kuinama.)

Makadirio yangu ya kitaalamu ni watalii elfu tisini kwa mwaka, na hapo nimejizuia. Haddlecombe juu! ("Juu!") Marsh Orton? ("Keki kavu!")

Na sasa, kilele. Barua imefika asubuhi ya leo, na sikuifungua ili tuifurahie pamoja. Nasoma: "Ndugu Mwenyekiti, tunatoa shukrani za dhati kwa ukarimu aliopewa mtumishi wetu. Tulimtuma kufuatia barua ya malalamiko ya Bi M. Thackray, achunguze kama basi namba kumi na nne bado linahitajika mjini kwenu. Kwa saa mbili hakuona nguzo wala abiria, na kiongozi mmoja aliyevaa..." Hapa mwandiko hausomeki. ("Imepigwa chapa, Rupert. Soma.") "...aliyevaa suruali isiyomtosha alimhakikishia kwamba wakazi hawatumii magari. Tumeheshimu matakwa yenu. Kuanzia Jumatatu basi letu halitapita tena."

(Kikombe kinawekwa juu ya kisahani.)

Kuhusu makampuni ya filamu, ofisi yangu inakiri kwamba, kati ya arobaini na moja, hakuna hata moja iliyojibu.

(Bi Maud anasimama. "Ijumaa, saa nne asubuhi, utanipitia mlangoni na gari lako. Na Jumanne. Na kila Ijumaa na kila Jumanne mpaka basi lirudi.")

Mwalimu, ratiba ya Mwenyekiti ni... ("Rupert.") Ndiyo, Mwalimu. ("Na suruali hiyo uiache nyumbani. Cyril ana ugonjwa wa moyo.") (Makofi marefu, ya kwanza leo ambayo Mwenyekiti hakuyaomba.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Na mwenye kujua ufunguo wa banda la kanisa uko wapi, tafadhali abaki.