Darasa la Walionaswa

Jumatatu, 3 Machi
Aibu gani hii! Barua pepe ilisema nimeshinda blenda. Nikabonyeza, nikajaza na nenosiri. Kumbe mtego wa ofisi yenyewe, wa kutupima! Majina ya walionaswa yamebandikwa pale tunapochemshia chai. Mimi, karani wa masjala, miaka kumi na mmoja kazini, ndiye wa kwanza. Mtunza Stoo kayasoma kwa sauti. Na blenda nilishaitafutia nafasi jikoni.

Jumanne, 4 Machi
Walionaswa tumeitwa darasani, watano. Mwalimu wa kompyuta ni mwanamke aliyeajiriwa kwa mkataba, mwenye sauti ya taratibu. Akatufundisha: Tazama anwani ya anayetuma. Usikubali kuharakishwa. Nenosiri usimpe mtu hata akilia. Hajamaliza, mimi nimeshabonyeza barua ya mazoezi. Akainama begani kwangu, akaniambia nitulie, hakuna anayenikimbiza. Jamani! Tangu mama afariki hakuna aliyewahi kuniambia nitulie. Jioni nimepika cha mtu mmoja, nimekula nimesimama. Ninaitamani tena ile sauti.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata njia! Darasani huitwa walionaswa tu. Basi nitanaswa. Saa nne ukaja mtego: kifurushi chako kimekwama. Sina kifurushi, sina hata wa kunitumia. Nikabonyeza mara tatu, isije ikasemwa sikubonyeza.

Alhamisi, 6 Machi
Shati jipya. Naingia, nani kakaa mbele? Mtunza Stoo! Mtu anayehesabu misumari mara mbili, leo eti kanaswa na kifurushi! Marashi yake yanakupokea mlangoni. Akamwomba Mwalimu amwonyeshe anwani tena, polepole. Mwalimu akacheka. Wivu ulinikaba hadi nikakosea kuandika jina langu.

Ijumaa, 7 Machi
Mitego minne. Nimenaswa na yote, Stoo mitatu. Nimemgaragaza! Baada ya darasa Mwalimu akaniita pembeni. Akaniambia, kaka yangu (hiyo “kaka” imeniuma), Bosi anahesabu wanaonaswa. Jumatatu ni jaribio la mwisho. Akinaswa hata mmoja, mkataba wa Mwalimu hauongezwi. Akaniomba nimsaidie. Nimeapa kwa kaburi la mama. Stoo naye kaapa, mnafiki mkubwa.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi mitego miwili. Nimeikwepa kama bingwa. Saa nane ukaja wa tatu, una jina la Mwalimu. Nimekukumbuka, unasema. Ingia hapa haraka, weka nenosiri. Anwani si yake. Barua inaharakisha. Inataka nenosiri. Dalili zote tatu, nimezihesabu kwa vidole. Nikatoka, nikanywa maji, nikarudi. Bado ilikuwa inasema nimekukumbuka.
Nikabonyeza.

Jumanne, 11 Machi
Mwalimu kaondoka saa tano. Ule mtego kautunga Bosi, akautuma ofisi nzima. Hata mama wa usafi kaupata, akaufuta. Aliyenaswa ni mmoja tu. Stoo ndiye aliyembebea boksi hadi getini. Nilitaka kuomba radhi, nikajikuta namtakia safari njema. Mwalimu hakunilaumu. Aliniambia tu nitulie, kwa sauti ile ile, na nusura nilie mbele ya mlinzi.
Sikio la kufa halisikii dawa, lakini langu limepona. Sinaswi tena!
Saa kumi na dakika tano. Barua pepe mpya: Mwalimu wako amekuachia ujumbe wa sauti, bonyeza usikilize. Si yeye. Najua kabisa si yeye, ningeweza hata kufundisha.
Lakini kama ni yeye?
Nimeshaandika nusu ya nenosiri.