Hodi ya Disketi

Jumatatu, 2 Agosti 1999. Makambako.
Bosi Miraji anafungua tawi la duka lake la uchapaji, Njombe. Mkuu wa tawi atatajwa Jumamosi. Ni mimi au Salha. Mimi: miaka kumi na tisa ya taipureta. Yeye: miezi mitatu ya kozi ya kompyuta, Iringa. Mashindano gani haya! Suti nimeshaipiga pasi.

Jumanne, 3 Agosti.
Disketi ya mteja. Kompyuta ikauliza: faili lina makro, vile vijiprogramu vinavyojificha ndani, nizizime au niziruhusu? Salha huzizima zote, eti hubeba virusi. Nikamwambia kwetu Ubena mgeni akipiga hodi hahojiwi mlangoni, anapewa kiti. Akasema haya mzee, mtandikie na kitanda. Nikaruhusu. Tena nikaingia kwenye mipangilio, nikaondoa ulinzi kabisa, isiniulize tena. Kazi mbio! Bosi kanisifu mbele ya wateja.

Jumatano, 4 Agosti.
Nimechapa kadi ya harusi ya Nahumu wa Kichiwa. Imependeza mno. Salha asije akaigusa akasema ni yake! Nimeifunga kwa neno la siri. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 6 Agosti.
Asubuhi nimefungua kadi, nikatoa nakala mia mbili. Kuisoma tena? Mimi?
Nahumu kaja na mkwewe mtarajiwa. Mkwe kavaa miwani, kasoma, kavua. Kauliza kwa upole kama ni kweli kijana anamwoa Mchungaji Enoki, na binti yake Rejoice ndiye atakayefungisha ndoa. Makro zimehamisha maneno! Mgeni kapewa kiti, kapanga upya nyumba nzima.
Salha kasema ataisahihisha, nimtajie tu neno la siri. Nikakohoa. Bosi kasema taja, Damiano, watu wana safari. Nikataja: salhahajui. Salha kaomba nirudie, herufi moja moja. Mkwe kamsaidia kuandika.

Jumamosi, 7 Agosti.
Suti nimeivaa. Nimembebea Salha mabegi hadi stendi, kwenye basi la kwenda Njombe. Kaniambia nijifunike vizuri, mzee, upepo huu.

Jumatatu, 9 Agosti.
Salha kaacha ulinzi umerudishwa na karatasi ukutani: USIRUHUSU. Asubuhi hii disketi imefika kutoka Tandala, kule Makete. Mashine ikapiga hodi. Jamani, mgeni katoka Makete na baridi yote hii, nimwache nje?
Nimeruhusu. Faili nimelifunga. Neno jipya la siri: mirajihajui.