Vipande Vitatu vya Ufunguo wa Ikeja

Fagbenro alipowasikia wakurugenzi watatu wa kampuni moja ya malori ya mjini Ikeja wakibishana mkahawani, mate yalimdondoka. Ufunguo wa siri unaogeuza barua zao za mtandaoni kuwa mafumbo ulikatwa vipande vitatu vya tarakimu, kila mmoja na bahasha yake, ili asiwepo mtu wa kuutumia peke yake. Busara hiyo haikutoka vichwani mwao, msidanganyike. Aliyewapangia ni Bi. Ebun, mtunza funguo wao, ambaye hata salamu walimnyima. Wao walichogombania ni nani mwenye kipande kikubwa!

Keshoye Fagbenro akaingia ofisini kwao na tai nyekundu, eti mkaguzi wa funguo. Kampuni pinzani ilikwisha kumwahidi gari jipya akiwaletea tarakimu zote.

Bi. Ebun alimnyooshea sanduku la bati. "Oga, bosi wangu, chumba cha funguo hakiingii simu. Hata ya mkaguzi."

"Mama, sheria hiyo niliitunga mimi," alijibu, akaitumbukiza yake.

Ndani, alimnong'oneza mkurugenzi wa kwanza: "Chifu, chako ndicho kichwa. Wenzako wameshika mikia. Ila lazima nikione."

"Si niliwaambia!" Chifu akachana bahasha.

Wa pili na wa tatu walinong'onezwa hayohayo, nao wakachana mbio. Wazee wazima, wenye vitambi na wajukuu! Fagbenro akanakili, akaomba njia ya msalani, akatokea mlango wa nyuma. Furaha ikamsahaulisha simu.

Kwa wapinzani, tarakimu hazikufungua hata barua moja. Kwa Bi. Ebun ufunguo ulioonwa na mgeni ni maiti, na alikwisha kuweka mwingine kabla mgeni hajafika barabarani. Gari likabaki palepale lilipoegeshwa, na Fagbenro akasukumwa nje kwa makofi.

Akaazima simu kwa muuza maandazi, akapiga namba yake mwenyewe.

"Mama, nirudishie simu, nakusihi."

"Ndiwe, bwana mkaguzi?" Bi. Ebun alicheka. "Mtaalamu mzima wa funguo, simu yako haina hata nywila! Nimesoma yote. Uliowatapeli nimewaandikia kwa jina lako waje hapa ofisini kuchukua haki yao, na wanazidi kuingia."

"Mama, wataniua!"

"Hao wengine sijui. Wa kwanza kufika ni mama yako mzazi. Anauliza shamba lake umemuuzia nani."