Sabufa yangu na katambuga za mkwe

Wenzangu, leo nimejivua nguo mbele ya mkwe. (Si nguo za kweli, tulieni.)

Mnaijua sabufa yangu, ile spika ya mdundo. Kubwa kama debe, nimeinunua kwa hela za kahawa yangu mwenyewe, hapa Tunduma mtaa mzima unaisikia. Tatizo ikipiga, nyumba inatetemeka. Vikombe vinacheza kabatini. Na Mama Tumaini, jirani yangu wa ukuta mmoja, ana mdomo. Jana kaniambia, "Bibi Neema, kesho wageni wako wakija na hilo lidude likanguruma, nakuja kusema mbele yao."

Wageni wenyewe ni Mzee Masanja, mfugaji wa kule Momba bondeni. Anakuja kumposea mwanawe mjukuu wangu Neema. Nikasema, mkwe lazima asikie muziki. Na Mama Tumaini lazima anyamaze. Vyote viwili!

Asubuhi nikaanza kazi. Nikaweka kipande cha godoro chini ya sabufa. Ikainama kama mlevi. Nikaweka gunia la pumba. Ikatulia, lakini kila ikidunda pumba zinatimka. Nimepiga chafya mpaka kilemba kikadondoka. Mbio kwa fundi redio.

"Mpira, Bibi," akasema. "Vipande vinne vya tairi, kila pembe kimoja. Mpira unakula mtikisiko."

Narudi, mkamwana wangu katoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, kuna..."

"Usiniambie neno mpaka hili lidude litulie!" (Haya maneno yakumbukeni.)

Pale bombani nikaona viatu, katambuga mbili, zimeoshwa, zimeegemezwa ukutani zikauke. Matairi matupu! Nikajua ni za mwanangu, za shambani. Zimechakaa hata mbwa asingezitafuna. Nikachukua panga. Cha! Cha! Vipande vinne.

Nikaikalisha sabufa juu yake, nikafungulia kwaya mpaka mwisho. Vikombe kimya! Nikagonga ukuta.

"Mama Tumaini! Vyombo vinacheza?"

"Leo vimelala, Bibi Neema."

Nikacheza peke yangu, na hili goti langu bovu.

Mara mlango wa chumba cha wageni ukafunguka, akatoka Mzee Masanja! Kumbe alifika na basi la mapema wakati niko kwa fundi, akanawa miguu bombani, mkamwana akampa kitanda apumzike. Yuko peku. (Na bado sikushtuka. Uzee huu!)

Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, ngoma nzito namna hii, na nyumba imetulia?"

Kiburi kikaniponza. Ningesema "karibu chai" yangeishia hapo. Lakini mimi?

"Utaalamu, mkwe! Njoo uone mwenyewe." Nikainua sabufa upande mmoja.

Akainama. Akachomoa kipande, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mama," akasema taratibu, "huu uzi wa bluu nimeushona mimi."

Kwaya ikaendelea. Mimi nikazima.

Neema alikuwa mlangoni na trei ya chai. Sabufa imetulia tuli, lakini vikombe vya kwenye trei vikaanza kucheza. Macho yake, jamani! Nikaona posa inatoka mlangoni peku.

Mzee akamtazama Neema, akanitazama mimi na panga langu pembeni.

"Sisi tumekuja kuchukua binti," akasema. "Ninyi mmeanza na viatu?"

Kisha akacheka mpaka akashika kabati.

"Kwa hiyo posa ipo?" nikauliza, sauti kama ya kifaranga.

"Ipo, Mama. Ila siku ya mahari naingia na viatu vyangu miguuni."

Ameondoka kwenda stendi na ndala zangu za waridi zenye maua, kisigino kinaning'inia nje. Madereva wa malori wamempigia honi mpaka kona. Neema hanisemeshi.

Msicheke, nawaomba. Hasa wewe Mama Tumaini, nakusikia ukutani.