Saa Yangu Moja Dukani

Jumatatu, 3 Machi
Mkwe wangu, mwenye duka la vyombo, ametangaza kuwa biashara imedorora, mtu mmoja atapunguzwa. Tuko wawili: keshia kwenye kaunta, mimi kwenye kiti cha mlangoni. Keshia alisema hana wasiwasi. Yeye anauza, babu anasoma gazeti. Kweli nasoma. Lakini tangu nilipopoteza nyumba yangu, hapa ndipo mahali pekee ambapo nikichelewa mtu huuliza niko wapi.

Jumanne, 4 Machi
Gazeti limeniokoa. Linasema ajira madukani imepanda, ingawa saa za kazi zimeshuka. Niliwaza hadi chai ikapoa. Kumbe takwimu huhesabu vichwa: aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika wiki ni mwajiriwa sawa na aliyeshinda dukani kutwa. Nikamshauri mkwe asifukuze mtu, agawe saa. Za keshia, hasa. Akasema, baba, kumbe nawe una akili. Hilo “kumbe” nimelisamehe.

Jumatano, 5 Machi
Mkwe ameelewa. Ameelewa kupita kiasi. Keshia habanduki, maana ndiye anayeijua mashine. Zilizogawanywa ni saa zangu: mdogo wake mkwe kapewa, jirani wa ghorofani kapewa, mimi nimebakiziwa makombo. Sasa tuko wanne. Keshia akanipongeza kwa kukuza ajira. Nikamjibu kuwa uchumi ni jambo pana.

Ijumaa, 7 Machi
Zamu yangu: saa moja, Ijumaa asubuhi, kabla wateja hawajaamka vizuri. Nikauza kifuniko cha sufuria. Muda ulipokwisha nikazunguka mtaa, nikarudi. Keshia akauliza, babu, tukusaidie nini? Nikasema naangalia tu. Nikaangalia vijiko kwa muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi
Amekuja karani wa takwimu. Mkwe akasema wafanyakazi wanne, zamani wawili. Karani akafurahi: ongezeko maradufu. Nikamwomba aandike jina langu vizuri. Akasema hawaandiki majina, idadi tu. Si kitu. Nimo.

Binti yangu ananisihi niachane na magazeti. Nitaachaje, na leo nimesoma habari za wastani? Wastani wa saa kwa kila mfanyakazi dukani mwetu ni aibu, na anayeushusha zaidi ni mimi na kisaa changu. Nimemwambia mkwe wastani huo lazima upandishwe. Amenisikiliza kwa makini kuliko siku zote, akaniuliza njia ya haraka ni ipi. Kesho nitamfanyia hesabu.