Masizi ya Mkesha wa Barbara

Alhamisi, 1 Desemba

Jiko la kuni la sebuleni limeamua kutolea moshi ndani. Mke wangu Wadad amekohoa kutwa, na kila kikohozi amehakikisha kimenifikia. Anataka nimwite Shalita, msafishaji wa dohani za kijiji kizima. Shalita huyohuyo aliyenipokonya kamba ya kengele ya kanisa sikukuu ya Msalaba, eti mimi napiga kama mtu anayefukuza mbuzi. Afadhali moshi.

Ila Jumamosi jioni, mkesha wa Mtakatifu Barbara, Bibi Afifa anakuja na mwanawe kumposa Nuhad wetu. Binti ana miaka thelathini na minne. Wadad kasema posa hii ikiharibika nitalala na hilo jiko.

Nina mpango. Marehemu mama alitupa maganda ya viazi motoni, masizi yakadondoka yenyewe. Yeye alitia kiganja kimoja. Mimi nimetia ndoo. Imani haipimwi kwa kijiko.

Ijumaa, 2 Desemba

Maganda yamezima moto. Masizi hayana habari.

Mpango wa pili: fungu la miiba, kamba, na jiwe la kulivuta lishuke likikwangua dohani. Nikasali Salamu Maria tatu, nikapanda juu ya paa. Shalita akapita barabarani, akauliza kwa upole kama kuna samaki huko. Nikamjibu nasali. Akasema Mungu akusikie, jirani, maana kengele yako aliizibia masikio.

Jiwe likashuka vizuri. Masizi nayo yakashuka, yote, sebuleni, juu ya kitambaa cheupe cha wageni nilichotandika kukinga zulia. Zulia limesalimika kiasi.

Nikafungua vipande vitano vya bomba la moshi, litokalo jikoni hadi dohani, nikavigonga uani kwa fimbo, nikavirudisha. Wadad akasema anavyokumbuka, Shalita huelekeza ncha nyembamba chini. Ndiyo sababu nimezielekeza juu.

Jumamosi, 3 Desemba

Moto unawaka kama wa mbinguni, moshi hakuna. Nimemshukuru mtakatifu. Wadad sikumwambia kitu, nikakaa tu mahali anaponiona.

Masizi ya usoni yamegoma kutoka, hata kwa sabuni ya zeituni. Wageni wakafika. Bibi Afifa akaniona akapiga makofi: kumbe nami nimejipaka masizi kama watoto wanavyofanya mkesha wa Barbara! Watu wazima siku hizi wameacha mila, akasema, ila si baba Nuhad. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Tukamketisha mahali pa heshima, chini ya kona ya bomba. Wadad akamletea bakuli la ngano ya kuchemsha ya Barbara, nyeupe kwa sukari na lozi. Tone jeusi likaangukia humo. Akadhani zabibu, akala. Akatafuna muda mrefu. La pili likaangukia nywele, zilizotoka saluni mchana ule.

Hapo watoto wenye vinyago wakaingia wakiimba, nyuma yao Shalita. Akatazama juu mara moja tu. Akasema, Bwana Mitri, bomba umelivalisha suruali kichwani. Ncha nyembamba iingie kwenye kipande cha chini yake, utomvu wa moshi urudi ndani ya jiko, usiwashukie wakwe. Akatoa makaa, akageuza vipande vyote, Nuhad akimshikia taa. Mbele ya wageni wangu. Na alikuwa anapiga mluzi.

 Wadad akaweka mto wangu karibu na jiko.

Jumapili, 4 Desemba

Bibi Afifa kaja kanisani na kilemba. Posa haijavunjika! Anasema binti aliyeshika taa bila kucheka siku kama ile ataweza ndoa. Tena kengele ya uchumba ataipiga Shalita, kaomba bibi mwenyewe. Nimevumilia. Bwana wetu alivumilia zaidi.

Kisha Bibi Afifa akalalamika kuwa hata jiko lake limeanza kutoa moshi, akageuka kumtafuta Shalita. Shalita alikuwa bado mnarani. Nikamwambia asisumbuke, mkwe ni mimi, Jumatano nakuja.

Wadad hajui. Miiba nimeshakata. Nimelifikiria sana jambo hili wakati wa mahubiri, na kosa nimeliona: jiwe lilikuwa dogo.