Dhambi Nyekundu ya Orrin Veldkamp

Jumatatu, 3 Machi
Nimefaulu mbio! Nimefaulu mtihani wa kuandika! Limebaki jambo dogo: Alhamisi nitafungwa mashine ya kupima uongo, kisha nivae beji ya polisi wa mji huu. Royce Huizenga, ninayefunga naye matairi gereji, naye kaitwa. Nafasi ni moja. Anajigamba ataungama bia alizomwibia mjomba wake enzi za shule, wamwone mkweli. Mjanja yule! Nimemwuliza dada yangu Corliss mimi niungame nini. Kasema sijawahi kuiba hata peremende, niende nikaseme hivyohivyo. Ushauri gani huo? Mwanamume mzima asiye na doa, nani atamwamini, hapa Iowa au popote? Nahitaji dhambi. Ya wastani.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda dukani kwa Bi Verna kutenda dhambi halisi. Nikatia bigijii moja ya kutafuna mfukoni. Moyo ukadunda kama wa jambazi. Nafika mlangoni, Bi Verna akaniita: "Orrin! Chukua na ya dada yako, mwanangu. Msalimie!" Wizi ukageuka zawadi. Mama mkatili.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata! Nikiwa kijana niliiba mashine ya kukatia nyasi, nyekundu, nyuma ya kanisa letu, nikamuuzia mtu wa Nebraska. Sikuiba, lakini ningeweza. Jioni nimefanya mazoezi na kipimo cha presha cha Corliss mkononi. Kasema najitafutia balaa. Nimemjibu hajui mambo ya sheria. (Ni karani wa mahakama, lakini hilo si hoja.)

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Mpimaji ni Bi Ledbetter, mama wa umbo dogo mwenye sweta la maua. Kabla ya kunifunga nyaya kifuani na vidoleni aliuliza kama kuna jambo la kumwambia. Nikainamisha kichwa. Nikaungama mashine ya nyasi. Nikaongeza chozi. Akaandika sana! Kisha maswali, mimi napumua taratibu kama ng'ombe aliyeshiba. Nikitoka nilimkuta Royce kwenye benchi, shati limelowa jasho. Nikamkonyeza. Maskini, na vibia vyake.

Ijumaa, 7 Machi
Polisi wawili wamekuja tukinywa kahawa. Nilidhani wameleta sare. Kumbe kanisa lilipoteza kweli mashine ya nyasi. Kweli nyekundu! Mchungaji Dykema miaka yote hii amemshuku mpiga kinanda. Nimeapa kwamba niliitunga. Sajenti Quigg, mzee wa masharubu, kasema wezi wengi husema hivyo, ila si baada ya kuungama wenyewe. Wakanipakia garini, Corliss kasimama barazani kashika kichwa.

Kituoni akaitwa Bi Ledbetter na karatasi zake. Jina langu, mstari shwari. Mji wangu, shwari. Mashine ya nyasi, mstari umeruka hadi ukingoni. Akamwambia sajenti: "Mwachie aende, bwana. Huyu hajaiba kitu maishani mwake. Huyu ni mwongo tu."

Nimesafishwa jina! Nikauliza naanza kazi lini. Sajenti Quigg alicheka mpaka akakaa chini. Kazi kapewa Royce.

Jumamosi, 8 Machi
Mji mzima umesikia nimeungama. Kwamba nimeachiwa, hakuna aliyesikia. Majirani wanatia kufuli vibanda vyao. Mchungaji Dykema kaja na pai ya tufaha kunisamehe. Nilitaka kumweleza ukweli, lakini pai ilikuwa ya moto. Nimesamehewa. Mpiga kinanda amenitumia kadi ya shukrani.

Jumapili, 9 Machi
Habari njema! Kaunti ya jirani wanataka askari jela, na wao pia wana mashine ile ya kupima uongo. Corliss kaniomba, karibu kupiga magoti, niseme ukweli mara moja tu. Hajaelewa. Kosa langu nimeliona: dhambi ilikuwa kubwa mno. Safari hii ni baiskeli. Na sirudii uzembe: nimepiga simu ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa huko, kuuliza kama kwao kuna baiskeli yoyote iliyoibiwa, rangi gani, na wapi. Nimetaja jina langu kamili, wajue mimi ni mtu makini. Waungwana sana! Wameniomba nisiondoke nyumbani, wanakuja wenyewe.